Ng'ombe wa Wiki ya Mbalamwezi

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa gizani. Mvuvi wa Kibirizi au Katonga huondoka magharibi, akafika kati akawasha taa juu ya maji, dagaa wakaifuata, wavu ukawanyanyua. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi tena, maana ziwa zima limeshawaka. Boti hulala mchangani, watu wakashona nyavu na kudaiana. Kwa hiyo ufukwe huu una wiki za aina mbili, na kila anayetafuta riziki hapa, awe muuza mawese au mama ntilie, anazijua. Mwenye mashindano ya ndondo, mpira wa mtaani, naye lazima azijue.

Niliwahi kuwa katibu wa kamati moja ya ndondo pale Ujiji. Mali zetu zilikuwa daftari la kaunta, filimbi mbili na nyavu za magoli tulizopewa na wavuvi. Zilikuwa nyavu kuukuu za dagaa, matundu yake madogo kiasi kwamba mpira ukiingia hakuna wa kubisha. Zawadi ilikuwa mbuzi. Tulicheza wiki ya mbalamwezi, kwa sababu wachezaji wako nchi kavu na watazamaji pia. Uwanja ulijaa hadi watoto wakapanda miembe.

Ugomvi ukazuka kama ugomvi wote wa mpira, kwa penalti. Mjumbe mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, alidai timu yake imedhulumiwa. Akaongeza kwamba fedha za kiingilio hazisomwi hadharani. Kwenye penalti alikuwa anasema uongo. Kwenye kiingilio, nikisema kweli, hakuwa mbali: mweka hazina wetu alikuwa akisoma hesabu kwa mdomo, haraka haraka, jua likizama na watu wakikimbilia futari za nyumbani kwao hata kama si Ramadhani. Yule bwana akaondoka na timu nne, akatangaza kombe lake mwenyewe, zawadi ng'ombe.

Tulimcheka. Si kwa sababu ya ng'ombe, ila kwa sababu alipanga mechi zake wiki ya giza. Nani atakuja?

Walikuja. Mvuvi wa wiki ya giza hurudi alfajiri, anauza, analala mpaka adhuhuri. Saa kumi jioni ameshaamka, ana saa mbili kabla ya kurudi majini, na mfukoni ana noti zenye harufu ya samaki. Watazamaji wake hawakufika hata nusu ya wetu, lakini wa kwetu walikuwa wakiruka ukuta na wa kwake walikuwa wakilipa. Alichokipata yule bwana ni pengo ambalo sisi, na daftari letu lote, hatukuwahi kuliona.

Msimu wa pili akalihama. Nitarudi kwake, lakini kwanza sikia ligi za wengine zilivyokwisha.

Barazani Ujiji wazee hupenda kumtaja Sunday Manara, mchezaji waliyembatiza Computer, kwa kuwa ukoo wa Manara asili yake ni huku Kigoma. Husimulia alivyotoka Yanga akaenda Uholanzi, Heracles, kisha akavuka bahari mpaka New York kuchezea Eagles. Hapo sauti za wazee hupanda. Kisichosimuliwa ni kwamba ligi ile ya Eagles ilifungwa mwaka 1983. Hata ile kubwa iliyokuwa ikishindana nayo, NASL, ligi ya Pelé na timu yake ya Cosmos, haikumaliza muongo. NASL yenyewe ilizaliwa na ndoa ya shida: mwaka 1967 Marekani ilianzisha ligi mbili za soka kwa mpigo, zote zikala hasara, zikaungana kwa msimu wa 1968. Baadaye ikanenepa hadi timu 24 mwaka 1978, kila tajiri akitaka kutumia kama Cosmos bila kuwa na mashabiki wa Cosmos. Msimu wa mwisho ulikuwa 1984.

Lakini kisa ninachokitaka kiko kwenye mpira wao mwingine, ule wa umbo la yai, wanaoucheza kwa mikono wakiwa wamevaa helmeti. Mwenye nyumba huko ni ligi ya NFL. Imewahi kupigwa kweli mara moja tu. Mwaka 1959 kijana wa Texas, Lamar Hunt, aliyenyimwa timu na wakubwa, alianzisha AFL na wenzake, timu nane. Wakavumilia miaka ya viwanja vitupu mpaka televisheni ya NBC ikawapa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 36. Mwaka 1966 wakubwa wakaomba suluhu, na mwaka 1970 timu zote kumi za AFL zikaingia NFL kwa mlango wa mbele.

Tangu hapo kila tajiri wa Marekani mwenye kinyongo huota ndoto ya Lamar Hunt. Mwaka 1983 ikaja USFL, timu 12. Wazo lake lilikuwa zuri kama wiki ya giza ya Ujiji: cheza kuanzia Machi hadi Julai, wakati NFL imelala na mashabiki wana njaa, na usimlipe mchezaji zaidi ya kipato chako. Televisheni ya ABC ikanunua. Herschel Walker, nyota wa vyuo vikuu aliyekuwa akitajwa nchi nzima, akasajiliwa. Msimu wa pili timu zikawa 18, kwa kuwa kila anayeingia hulipa ada ya kuingia, na ada hiyo huziba hasara ya waliotangulia. Ukimwona mtu anauza viti vya daladala ili anunue mafuta, ujue safari haina umbali.

Mmoja wa wenye timu, aliyenunua New Jersey Generals baada ya msimu wa kwanza, alikuwa mjenzi wa maghorofa wa New York aitwaye Donald Trump. Yeye aliona Machi ni ya wadogo. Akashinikiza ligi ihamie majira yale yale ya NFL, ipambane uso kwa uso, huenda mwenye nyumba akaogopa akawaita ndani kama alivyowaita AFL. John Bassett, mwenye Tampa Bay Bandits, alipinga. Alishawahi kuzama na ligi nyingine, WFL, iliyokufa mwaka 1975, na alijua maji yanavyoingia puani. Kura zikapigwa Agosti 1984: kuanzia 1986, USFL ingecheza wakati wa NFL.

Kilichofuata ndicho kinachofundishwa mpaka leo. Televisheni hazikutaka kununua ligi ya pili kwa saa zile zile. Timu kadhaa zilizokuwa mji mmoja na timu ya NFL zikahama au zikajifia. USFL ikakimbilia mahakamani, ikidai fidia ya zaidi ya dola bilioni moja na nusu. Julai 1986 jopo la wananchi likaamua kwamba ni kweli, NFL imehodhi soko kinyume cha sheria. Fidia: dola moja. Sheria yao huzidisha fidia ya namna hiyo mara tatu, ikawa dola tatu. Hundi ilipoandikwa pamoja na riba ilikuwa ya dola 3.76, na haikuwahi kupelekwa benki. Kwa thamani ya ufukweni kwetu, dagaa wa kitoweo tu. Msimu wa 1986 haukuchezwa. Bassett alikuwa ameshafariki miezi miwili kabla ya hukumu.

Asidhani mtu kwamba ni Wamarekani tu. Jirani zetu wa Kenya, mwaka 2015, waliamka na ligi kuu mbili. Kampuni ya KPL, iliyokuwa ikiendesha ligi, ilitaka timu 16. Shirikisho, FKF, likataka 18. Hakuna aliyeshuka, basi kila mmoja akapiga filimbi yake, nchi moja, miezi ile ile, mashabiki wale wale. Ya shirikisho haikwenda mbali, ya KPL ikaendelea na Gor Mahia wakaitwaa bila kufungwa. Ungesema KPL imeshinda. Mwaka 2017 ligi ikapanuliwa kuwa ya timu 18 hata hivyo, SuperSport wakavunja mkataba wa kurusha mechi, na mwaka 2020 muda wa KPL ulipokwisha shirikisho likachukua ligi yake. Likakuta nyumba imebaki na mlango, televisheni imeshabebwa.

Huku kwetu vilabu vimegombana na shirikisho letu, TFF, kwa kila lugha, na mwaka 2013 Yanga waliwahi kuukataa mkataba wa Azam TV kwa hasira, lakini hakuna aliyethubutu kuondoka na ligi mkononi. Mwaka 2021 Azam wakaweka shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Ndiyo maana leo Mashujaa wa Kigoma wakicheza Uwanja wa Lake Tanganyika, mjomba wangu aliyeko Muscat huwaona kabla mimi sijapata pikipiki ya kunitoa Ujiji.

Basi yule bwana wetu wa ng'ombe. Msimu wa pili alitangaza kuhamia wiki ya mbalamwezi, siku zetu, saa zetu, uwanja wa mbali kidogo. Wachezaji wakawa mamluki wa wazi: kipa mmoja alidaka kwetu kipindi cha kwanza, nikamwona kwa macho yangu anapanda bodaboda wakati wa mapumziko na glovu mkononi. Bei ya mshambuliaji ikapanda kutoka soda na nauli hadi fedha ambazo ndondo haijawahi kuzishika. Sisi tukajibu ujinga kwa ujinga, tukaahidi ng'ombe pia. Watazamaji waligawanyika, halafu wakachoka. Wiki ya mbalamwezi mtu hana fedha, anakuja kwa sababu kila mtu yuko pale, na sasa hakuna pahali ambapo kila mtu yuko.

Fainali yake haikuchezwa. Yetu ilichezwa mbele ya watu niliowahesabu kwa jicho bila kuchoka. Ng'ombe wetu tulimkopa, na mwenyewe alikuja kumchukua kabla ya filimbi ya mwisho. Washindi walipiga picha na kamba.

Miezi mingi baadaye yule bwana alinikuta nimekaa chini ya mwembe na daftari langu.

"Shikamoo Katibu," alisema, ingawa ananizidi umri, na hapo nikajua ana shida.

"Marahaba kaka. Karibu ukae."

"Nitazamie mwezi utaandama lini. Nataka kurudi kule kule, gizani."

Nikamfungulia daftari nikamwonyesha. Wiki ya giza ilikuwa na jina la mtu mwingine, kijana wa Mwanga, zawadi mbuzi, na timu nane zilikuwa zimeshalipa.