Mohamed Yupi?

Ukikutana na “Mohamed (1976)” kwenye uhakiki, ni nani huyo? Ni Mohamed Suleiman Mohamed, wa Nyota ya Rehema. Na “Mohamed (1980)”? Hapo ni Said Ahmed Mohamed, wa Utengano. Wote Wazanzibari, wote waandishi wa riwaya. (Mohamed Said Abdulla, aliyemuumba Bwana Msa, kaponea chupuchupu.) Tumeazima mtindo wa kumtaja mtu kwa jina la mwisho, wakati kwetu hilo mara nyingi ni la babu. Wengine wanasema ni kajikosa tu. Mimi naiona dhuluma: mtu kahangaika na riwaya yake, sifa anapewa mwenzake. Nayaandika majina yote matatu. Mhariri akilalamikia nafasi, nampunguzia vivumishi.