Kiti cha Hukumu Si Mali ya Mwenye Kukitoa

Katika nchi ya Rungwe, Wanyakyusa walikuwa na ada kubwa iitwayo ubusoka, ambayo Monica Wilson, mwanachuoni aliyefanya utafiti kwao katika miaka ya 1934 hata 1938, ameieleza katika vitabu vyake. Mara moja katika kila kizazi malafyale mkongwe hutoa utawala naye angali hai, wanawe wakubwa wawili wakasimamishwa, mioto ya zamani ikazimwa na moto mpya ukapekechwa. Na pamoja nao husimamishwa majumbe wa vijiji. Na hao hawakuwa wana wa malafyale, bali ni watu wa kawaida waliochaguliwa na wazee wa kizazi kitokacho.

Katika ada hiyo mna mafunzo mawili. La kwanza, kuondoka kwa mkubwa ni jambo la kutengenezewa kabla. La pili, mwenye kazi ya kumwambia mtawala kweli hafai kuwa kiumbe cha mtawala.

Leo mtu wa Tukuyu aliyenyang'anywa shamba lake, daawa yake ikipanda, huipeleka Mahakama Kuu, Mbeya. Jaji aketiye huko huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, kwa Katiba ya 1977, na hustaafu akitimiza miaka 60. Na wa Mahakama ya Rufani, miaka 65. Ama Jaji Mkuu, uteuzi wake ni wa Rais.

Januari 2017 alistaafu Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman. Rais Magufuli hakumweka Jaji Mkuu kamili, bali alimweka Ibrahim Juma kuwa Kaimu, na hakumthibitisha ila Septemba 2017. Huenda mtu akasema: Katiba yaruhusu kaimu, na mtawala ana haki ya kumjaribu mtu kabla ya kumpa amana kubwa. Jawabu ni kuwa kujaribiwa kwafaa kwa karani na kwa nahodha, kwani mwenye kuwajaribu hataki kwao ila kazi njema. Lakini hakimu huenda akahukumu baina ya raia na serikali. Basi akijaribiwa na mmoja wa wenye shauri, mizani yaingia shaka, hata kama mkono wake haukutetemeka. Hapa hasemwi mtu kuwa alipotoka. Lasemwa jambo lenyewe. Na kustaafu si kama mauti yajayo ghafula. Siku yake yajulikana tangu jaji alipozaliwa. Basi kukawia ni hiari ya mwenye kukawia.

Kenya walishika njia nyingine. Mwaka 2016 waliotaka ujaji mkuu waliulizwa maswali na tume mbele ya watu wote, akapatikana David Maraga. Na Septemba 2017 mahakama yake ikabatilisha ushindi wa Rais yule yule aliyemteua. Lakini hata huko, Juni 2021 Rais aliwaapisha majaji 34 akawaacha sita waliopendekezwa na tume, nao hawakuapishwa ila Septemba 2022, baada ya kuja Rais mwingine. Basi sheria njema peke yake haitoshi, ikiwa mwenye kalamu hana haya.

Yapokewa kuwa Imamu Abu Hanifa aliukataa ukadhi alipotakiwa na Khalifa al-Mansur, akafungwa. Wengi hulisoma hilo kuwa ni uchaji wa mtu mmoja. Lakini ndani yake mna swali kwa watawala pia: kwa nini mwenye kufaa aukimbie ukadhi?

Basi na aondoke mwenye kuondoka bila ya kung'ang'ania, na atoe mwenye kutoa bila ya kungoja shukrani. Naye apokeaye na ajue kuwa hakupewa kiti na aliyetia sahihi, bali amewekewa kwa ajili ya yule mtu wa Tukuyu asiyejua jina lake, aliyeshuka Mbeya na makaratasi yake kwapani.