Kufumba Jicho, Kuvunja Jicho

Kuna methali moja tunayoitumia kwa sura mbili. Wengine husema, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Wengine husema, vunja lako jicho. Tunazisema kama ni kitu kimoja, lakini jicho lililofumbwa hufumbuliwa. Lililovunjwa, limeenda hivyo. Kwa hivyo swali langu ni hili: ukiingia mahali pasipoelewa unachokijua, wewe ndiye wa kujipinda? Na kama ni wewe, mpaka wapi?

Kilichonifanya niliwaze swali hili ni treni ndogo. Mimi huandikia wateja wa mtandaoni, kazi za kulipwa kwa neno, na mmoja wa Uingereza alitaka makala kuhusu kuendesha injini za dijitali kwenye reli za zamani za analogi. Huko kuna watu wazima waliojaza vyumba vizima reli, stesheni na vilima vya plasta. Usicheke. Wako makini ajabu.

Kwenye reli ya analogi, umeme wenyewe ndio amri. Kidhibiti hupeleka kuanzia volti 0 hadi kama 12. Ukiongeza, injini inakimbia. Ukigeuza chanya na hasi, inarudi nyuma. Basi. Weka injini mbili kwenye kipande kimoja cha reli na zote zitaondoka pamoja, maana reli haimjui yeyote kwa jina.

Mfumo wa dijitali, DCC, uliofanywa kiwango cha pamoja na chama cha Marekani cha NMRA miaka ya 1990, uligeuza mambo. Umeme unakuwa relini muda wote, na ndani yake unapita ujumbe. Kila injini ina chipu inayoitwa dikoda, yenye anwani yake. Kutoka kiwandani, kwa kawaida huwa 3. Mwenyewe ndiye huipa nyingine. Unaiambia 27 iwashe taa, 40 isubiri stesheni. Kila moja inaitwa.

Sasa chukua hiyo injini ya dijitali uiweke kwenye reli ya mzee wa analogi. Itaenda? Mara nyingi, ndiyo. Dikoda ina mpangilio uitwao CV29, na sehemu yake moja ikiwashwa, injini inakubali umeme wa kizamani. Lakini dikoda yenyewe inahitaji volti kadhaa ili iamke, kabla mota haijaguswa. Mzee anazungusha kidhibiti, injini yake ya miaka ya 1970 imeshaondoka, hii mpya imekaa tu. Zenye sauti hukawia hata zaidi. Mtu akitazama atasema: pesa zote hizo, na ni nzito hivi?

Hapo ndipo nilipojiona. Niliacha chuo, na nikienda ushago shangazi huniuliza, "Mwanangu, umepata kazi?" Nikisema naandika, anaitikia, "Sawa, utapata tu." Kwake kuna waya mmoja: digrii, barua ya ajira, mshahara mwisho wa mwezi. Simwelezi mambo ya wateja na malipo ya mtandaoni. Namwambia, "Bado natafuta, shangazi." Je, huo ni unafiki?

Nasema hapana, na sababu iko relini. Chukua injini ya zamani isiyo na dikoda uiweke kwenye reli ya dijitali. Umeme wa pale unageuka-geuka bila kukoma, kwa hivyo mota inavuma na kupata joto hata ikiwa imesimama. Mota nyingine ndogo zinaweza kuungua kabisa. Yaani mpya inaweza kushukia kwa ya zamani, lakini ya zamani haiwezi kupandia kwa mpya bila kuumia. Anayeweza kujipinda ndiye mwenye wajibu. Shangazi hana CV29. Mimi ninayo. Na kusema kweli, mwandishi wa kujitegemea hutafuta kazi kila Jumatatu.

Utaniambia hiyo ni kodi ya kuwa na uwezo, na kila bosi mvivu ataipenda. Ni kweli, ndiyo maana lazima iwe na mpaka. Kuna vidhibiti vya zamani vinavyopeleka umeme kwa mapigo makali. Mota kuukuu huvipenda, zinatambaa polepole vizuri. Dikoda zinachanganyikiwa, nyingine zinakufa. Hapo mgeni hata akifumba jicho vipi, mwenyeji ndiye analivunja. Mwenye reli naye ana wajibu: ajue mkono wake unatuma nini. Anaweza asiijue lugha ya mgeni, lakini hana ruhusa ya kumchoma.

Shangazi hapeleki mapigo. Hajui anwani yangu, lakini chakula changu hukiweka kando hata nikichelewa. Mahali pa kazi ambapo unatakiwa ujifanye hujui ili mkubwa aonekane anajua, kila siku, mpaka siku moja ukiulizwa huna la kusema, pale ni kwingine. Usipaite heshima.

Kipimo changu ni hiki tu: ukirudishwa kwenye reli yako, bado utaitikia anwani yako? Kama ndiyo, ulifumba tu. Kama unaanza kuisahau, toka kabla umeme haujapanda.