Usafi wa Safu na Haki ya Mchezaji

Liko swali ambalo huonekana dogo, nalo huzuka kila mahali vijana wanapofanya mazoezi ya kucheza kwa pamoja: je, yule asiyeweza kwenda sawa na wenzake aondolewe katika safu, au wenzake wamngoje? Watu wengi hudhani ya kwamba hilo ni shauri la mwalimu wa mchezo peke yake. Sisi twaona ni shauri la haki, na kwa hiyo lawahusu wazazi wote wanaowaruhusu watoto wao kwenda mazoezini, iwe mjini, iwe Isansa, kule wilayani Mbozi katika mkoa wa Songwe.

Twaitaja Isansa si bure. Vijana wa vijiji vyetu kwa kawaida hawana chumba chenye vioo ukutani, wala sakafu ya mbao. Uwanja wao ni udongo mtupu, na kivuli chao ni mti. Lakini kwa simu ya mkononi wanaona dansi za Dar es Salaam, za Afrika ya Kusini na za Marekani, nao hutaka kuzicheza. Miongoni mwake imo dansi ya jazi. Neno hili si geni kwetu. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa ikipiga muziki tangu miaka ya 1930, na NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964. Ila kwetu jazi lilikuwa jina la bendi. Huko Marekani ni jina la namna ya kucheza pia, nayo ilizaliwa na watu weusi ambao babu zao walitoka Afrika. Ndiyo maana vijana wetu hawaioni kuwa ngeni kabisa. Bega huenda peke yake, kichwa peke yake, mbavu peke yake, na mkazo huanguka mahali ambapo sikio halikuutazamia.

Kucheza hivyo mtu mmoja ni kazi. Kucheza hivyo watu kumi na wawili kama mtu mmoja ni kazi kubwa zaidi. Walimu wa dansi hiyo husema ya kwamba mchezo ukisha kujulikana, ndipo kazi ya kuusafisha inapoanza. Muziki huzimwa, na wachezaji huhesabu kwa midomo yao, moja mpaka nane, polepole. Katika kila hesabu mwalimu huwasimamisha wote, akatazama. Je, mkono uko usawa wa bega au usawa wa sikio? Uzito wa mwili uko juu ya mguu gani? Macho yanatazama wapi? Ni nani aliyetangulia kwa nusu ya hesabu? Kosa likionekana, kipande kile kifupi hurudiwa mara tano, mara kumi, kisha huunganishwa na kile kilichokitangulia. Mwendo huongezwa kidogo kidogo, na muziki hurudishwa mwisho kabisa. Tena nusu ya kundi huketi na kuitazama nusu ya pili, kwa maana mtu hajioni mgongo wake. Kazi hii huchosha, wala hakuna anayeishangilia. Lakini bila hiyo hakuna kundi, pana watu waliokusanyika tu.

Basi, katika saa hiyo ya kuchoka ndipo kishawishi hutokea. Mmoja katika wale kumi na wawili hukosea palepale alipokosea jana. Sikukuu imekaribia. Walio wepesi wa kushika wananung'unika. Njia fupi ni kumwambia yule mmoja aketi pembeni, na kesho yake safu itakuwa safi.

Tusiidharau hoja ya wale wanaoifuata njia hiyo. Watazamaji wanaotembea mwendo mrefu wana haki ya kuonyeshwa kitu kizuri. Wachezaji wenye bidii wana haki ya kuona matunda ya bidii yao. Tena, kuusifu mchezo mbovu ni uongo, na mtoto aliyezoezwa sifa za uongo hupata aibu kubwa siku atakapokutana na watu wasemao kweli. Mwalimu anayeyaona makosa akanyamaza kwa kuogopa kuudhi hampendi mtoto. Anajipenda mwenyewe, asionekane mkali. Haya yote twayakubali. Tunalolikataa ni moja tu: kwamba kutoka katika ukweli huo yafuata mtu kufukuzwa.

Mbozi ni nchi ya kahawa, na mkulima wa kahawa anajua usafi wa namna mbili. Anapopalilia, jembe lake hupita kati ya miche. Huondoa magugu, na mche hubaki mahali pake ukipata nafuu. Baada ya mavuno anapochambua buni zilizoanikwa, mkono wake huokota iliyo mbovu na kuitupa, nayo hairudi tena. Kazi zote mbili ni za lazima, lakini hazifanani. Buni mbovu haifundishiki. Kwa hiyo kuitupa si kuionea. Mtoto hufundishika. Kosa lake ni kama gugu lililoota karibu naye, wala si yeye mwenyewe. Anayemfukuza mchezaji kwa sababu ya kosa amekwenda kuchambua mahali ambapo kazi ilikuwa ya kupalilia.

Mtu aweza kusema kwamba twakuza jambo dogo. Na atazame basi kisa cha kundi la wanawake liitwalo Rockettes, maarufu duniani kwa usawa wa safu yake. Lilianzishwa mwaka 1925 katika mji wa St. Louis, Marekani, na tangu mwaka 1932 limekuwa likicheza katika ukumbi wa Radio City Music Hall, New York. Wanawake thelathini na sita huinua miguu pamoja hata mtazamaji akadhani ni mguu mmoja. Nao wana hila nzuri: walio warefu huwekwa katikati, na wafupi kidogo hufuatana kuelekea pembeni, hata jicho likadanganyika likaona wote ni kimo kimoja. Hivyo walijua kumpatia mahali kila mwenye kimo chake. Lakini kwa miaka zaidi ya hamsini hawakumpatia mahali mwanamke hata mmoja mweusi, na sababu waliyoitoa ilikuwa hiyohiyo ya usafi: kwamba rangi tofauti ingeyavuta macho na kuuharibu usawa wa safu. Ni mwaka 1987 tu ndipo Jennifer Jones alipochukuliwa, akawa mweusi wa kwanza katika kundi lile. Safu haikuharibika.

Hapo twaona hatari iliyojificha. Neno 'usafi' ni zuri, wala hakuna apendaye kulipinga. Kwa sababu hiyo laweza kubeba ndani yake lisilo safi. Leo aachwe mwenye rangi nyingine. Kesho aachwe mnene, au mwenye kuchechemea, au yule ambaye mama yake hakuweza kununua kitambaa cha sare. Kila mmoja ataambiwa kwa upole ya kwamba si yeye, ni safu.

Tuna mfano mwingine, nao uko karibu zaidi na Isansa. Mtu akivuka mpaka pale Tunduma huingia Nakonde, nchi ya Zambia, na mbele zaidi iko migodi ya shaba, ambako wanaume wengi wa pande zetu za kusini magharibi walikwenda zamani kutafuta kazi. Huko, katika mji wa Luanshya, mwaka 1951, mtaalamu J. Clyde Mitchell aliitazama ngoma iitwayo kalela, akaandika habari zake katika kitabu kilichotolewa mwaka 1956. Wachezaji walikuwa vijana Wabisa, wafanya kazi wa mjini. Walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa, wakacheza kwa kuzunguka. Walikuwa na mfalme wao na daktari wao, na pamoja nao mwanamke mmoja aliyevaa nguo nyeupe, aliyeitwa nesi. Kazi yake ilikuwa kuwapitia wachezaji akiwa na kioo na leso, ili kila mmoja ajitazame na kujifuta, apate kubaki nadhifu.

Jambo hili lafaa kufikiriwa. Wale vijana waliupenda usafi kuliko makundi mengi, hata wakampa mtu mmoja kazi ya kuutunza. Lakini mtu huyo hakupewa fimbo wala daftari la kuandika majina ya wakosaji. Alipewa kioo, na leso. Aliyetoka jasho hakuambiwa atoke uwanjani kwa kuwa ameuchafua mchezo. Nesi alimwendea palepale alipokuwa, akamwonyesha uso wake, akampa cha kujifutia, na ngoma ikaendelea.

Siku hizi kioo cha vijana ni simu. Hujipiga picha wakicheza, kisha hukusanyika kutazama nani amechelewa. Chombo hicho ni kizuri, na kwa kundi lisilo na ukuta wa vioo ni msaada mkubwa. Lakini picha ileile yaweza kumwonyesha ndugu kosa lake alirekebishe, na yaweza kupelekwa kwa watu wengine wamcheke. Katika njia ya kwanza simu ni kioo cha nesi; katika ya pili ni dhuluma, hata kama aliyeituma atasema alikuwa akitania.

Je, haki yadai nini mazoezini? Kwanza, kosa litajwe waziwazi na mapema, wala lisiachwe mpaka siku mbili kabla ya sikukuu. Pili, litajwe kosa, si mtu: 'mkono ushuke usawa wa bega', si 'wewe ni mzito'. Tatu, asiyeweza apewe mwenzake mmoja wa kuhesabu naye polepole. Nne, ikiwa hatua moja yamshinda kabisa, itazamwe kama yaweza kubadilishwa kwa wote. Maana mchezo ulitungwa na watu, na watu waweza kuutengeneza. Tano, palipo na mashindano yenye nafasi chache, kuchagua si dhambi. Lakini kipimo kiwe uwezo na bidii, nacho kitangazwe kwa wote tangu mwanzo, wala kisiwe sura, sare, au jina la baba.

Na wale wepesi, je, hawapotezi kitu kwa kungoja? Twaona kinyume chake. Mwendo unapopunguzwa kwa ajili ya mmoja, makosa ya wengi hufunuliwa. Kijana aliyesifiwa kwa wepesi huonekana ya kwamba mkono wake haukupata kufika mahali pake hata siku moja. Mbio za muziki ndizo zilizomsitiri. Kwa hiyo yule aliyedhaniwa kuwa mzigo ndiye aliyewapatia wenzake nafasi ya kujisahihisha. Wahenga walisema, 'Mwenda pole hajikwai', na kundi zima hulijua hilo linapohesabu polepole.

Wazazi wapendwa, haya si mambo ya ngoma tu. Kijana aliyezoea kuona mnyonge akiondolewa ili kazi ionekane nzuri atakuja kuwa mwalimu wa shule, karani, au mkubwa wa kazi, na ataifuata desturi aliyojifunza uwanjani. Vivyo hivyo aliyezoea kurudia hesabu nne mara kumi pamoja na mwenzake hatasahau upesi. Kwa hiyo mtoto arudipo nyumbani kutoka mazoezini, msimwulize tu kama yeye amecheza vizuri. Mwulizeni pia ni nani aliyekuwapo juma lililopita na leo hakuwamo katika safu, na kwa sababu gani.