Msimwambie Bibi Atabasamu

Wanangu na wajukuu zangu, mimi nimekula chumvi nyingi, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo niliila nyuma ya kamera. Kwa hiyo mnapoketi barazani mkinionyesha picha zenu kwenye simu, nazitazama kwa jicho la kazi, hata kama kinywani nasema mashallah. Naona watu wale wale katika mkao ule ule: mabega yamebanana, shingo zimepinda, meno nje. Picha za Idi, za harusi, za mahafali. Kama si nguo, mtu asingejua ipi ni ya mwaka gani. Jumatano ya kawaida haimo. Baba yenu akinyoosha shati lake kwa pasi huku sikio liko kwenye taarifa ya habari, hayumo. Na hao watu wa Jumatano ndio mtakaowatafuta siku moja, mkipekua simu nzima.

Msidhani nawadharau waliopigwa picha wima. Hapo zamani kulikuwa na sababu. Daguerre alipotangaza ufundi wake wa kupiga picha Paris mwaka 1839, anayepigwa alipaswa kutulia kimya kwa dakika kadhaa, na baadaye kidogo studio zikaweka chuma cha kuegemeza kichwa ili kisitikisike. Hata sisi wa juzi, mkanda mpana wa 120 ulitupa picha 12 za mraba, ule mdogo wa milimita 35 ukatupa 36, na zote zililipiwa kusafishwa, iliyotoka vizuri na iliyoharibika. Mtu akienda studio, tuseme Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, au kwa Omar Said Bakor kule Lamu, alikwenda amekoga, amevaa nguo ya heshima, amejipanga. Kukaza uso hakukuwa kununa, ilikuwa adabu. Picha zile nazipenda mpaka leo. Lakini nyinyi hamnunui mkanda, na hakuna anayewafungia chuma shingoni. Sababu imekwenda zake, mkao mmebaki nao.

Kamera ndogo ya Leica ilipoanza kuuzwa mwaka 1925, ikawa rahisi zaidi kuibeba mkononi na kumfuata mtu alikokwenda. Miaka michache baadaye Martin Munkácsi, Mhungaria, akapiga wavulana watatu wakiyakimbilia mawimbi, picha ambayo kwa miaka mingi imejulikana kuwa ya Ziwa Tanganyika. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, akiwa bado kijana, aliiona ikamtia wazimu wa kupiga picha ambao haukumtoka. Itafuteni muitazame. Hakuna sura hata moja inayotugeukia. Furaha yote imo migongoni na miguuni. Mimi huwaonyesha hiyo wale wanaoniambia picha isiyo na uso imeharibika.

Sasa, ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha inayoonekana kama imejipiga yenyewe ina kazi kabla yake, na kazi ya kwanza ni kuwa mtu wa nyumbani. Usiingie jikoni simu ikiwa imeinuliwa. Ingia na mikono. Chambua mchele, menya vitunguu, pokea umbea wa siku. Simu iwe karibu, mahali unapoweza kuifikia bila kuinuka. Kwa dakika za mwanzo kila mtu atakuwa anajitazama. Waache wachoke kujitazama.

Chukua mfano wa bibi anayekuna nazi. Ameketi juu ya mbuzi, kanga imekunjwa magotini, kifuu amekishika kwa viganja viwili, anakizungusha kidogo kidogo kila anapovuta, na nazi inaanguka nyeupe kwenye sinia. Wewe ukisimama mlangoni utapata utosi wake na sinia, basi. Tena umeziba mwanga wote wa uani. Keti chini, kwenye mkeka au kigoda, macho yako yalingane na yake, mlango uwe ubavuni. Mwanga utampitia shavuni na juu ya vidole, utaona mishipa ya mikono na pete iliyolegea. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka kipimo kijifunge, kisha punguza mwanga kidogo. Halafu ngoja. Nazi ikiisha kifuuni, atanyoosha mgongo, atapangusa jasho kwa mkono wa juu, atasema neno. Hapo ndipo pa kubonyeza, na si mara moja.

Akikugundua, usimwambie "endelea tu bibi, jifanye hunioni." Ukishamwambia hivyo umemfanya mwigizaji, na bibi zetu ni waigizaji wabaya sana. Muulize: hii mbuzi ilitoka wapi? Nani alikufundisha kukuna? Atakapoanza kukumbuka, uso utajipanga wenyewe, na hutakuwa na haja ya kumwomba acheke.

Nasema neno juu ya mwanga, maana wengi mnailaumu simu bure. Filamu za rangi zilizotufikia zilitengenezwa kwa kupimwa na ngozi nyeupe. Kodak walikuwa wakizipelekea maabara kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi zilizoitwa Shirley, kuwa ndiyo kipimo cha rangi sahihi. Ndiyo maana katika albamu za zamani mjomba wenu ni meno na kanzu tu. Simu za leo zina nafuu, lakini bado ukimweka mtu mweusi mbele ya dirisha linalong'aa, kamera italitii dirisha na kumzima mtu. Mgeuze, au zunguka wewe. Jua la saa sita linachimba mashimo machoni, kwa hiyo watoto waacheni wacheze, mje muwapige saa kumi na moja, chini ya mwembe au kwenye kivuli cha ukuta. Ndani kukiwa na giza, anayekimbia atatoka kama moshi. Flashi izimeni, inamwambia kila mtu kwamba kuna mpiga picha chumbani. Na futeni kioo cha kamera. Nusu ya ukungu mnaonionyesha ni mafuta ya nazi ya vidoleni.

Hapa nataka nikae kidogo. Kupigwa bila kujipanga si sawa na kupigwa bila kuridhia. Mama hajajitanda, mtoto yuko kwenye beseni, mgonjwa amelala mdomo wazi: hizo si picha za kawaida za nyumbani, hiyo ni siri ya nyumba, hata kama mwanga ni mzuri kiasi gani. Ukishapiga, mwonyeshe mwenyewe. Akisema futa, futa mbele yake, usinung'unike. Na kuruhusu kupigwa hakumaanishi kuruhusu kuwekwa kwenye stetasi ya WhatsApp ili watu mia mbili waone jiko lake. Mtoto ambaye leo hawezi kukukataza, kesho atakuwa na akili zake na atauliza nani alimpa dunia picha zake akiwa na kamasi. Nyumba ambayo watu wake wanaogopa simu yako haitakupa picha yoyote ya maana, maana kila ukiingia watavaa nyuso.

Jambo jingine mtalithibitisha wenyewe leo usiku mkizifungua simu zenu. Tazameni nani hayumo. Mara nyingi ni mama, kwa sababu ndiye aliyeshika simu, au alikuwa akipakua chakula wakati wengine mmeshajipanga. Akionekana, ni mkono unaopita na bakuli. Mnyang'anyeni simu. Mpigeni akimsuka binti nywele, akihesabu hela za mchezo, akilala kwenye mkeka adhuhuri, kwa ruhusa yake. Mpeni na mtoto wa miaka sita simu kwa nusu saa. Atawaletea magoti na chungu kilichopinda, lakini pia atawaletea nyuso ambazo watu humwonyesha yeye peke yake.

Kisha zitoeni picha karatasini. Simu huanguka chooni, huibwa daladalani, na picha elfu nane hakuna anayezitazama. Chagueni kumi kwa mwaka. Pwani yetu ina unyevu, kwa hiyo msiigandamize picha kwenye kioo cha fremu, itashikana nacho. Na zile albamu za kurasa zenye gundi ziepukeni, nimeona zikigeuza nyuso kuwa za njano. Nyuma andikeni kwa penseli laini, bila kukandamiza: jina, mahali, mwaka, alikuwa akifanya nini. Kalamu ya wino hupenya au huchafua picha ya jirani.

Fanyeni kabla ya Idi ijayo, na muanze na zile za kabatini kwa bibi, yeye mwenyewe akiwapo awatajie majina. Baada yake hakuna mwingine wa kumuuliza.