Fundi si Nyundo ya Kutupwa

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio XII aliitenga siku ya kwanza ya Mei iwe sikukuu ya Yosefu Mtakatifu, Mfanyakazi. Seremala yule wa Nazareti alimlisha Mwana wa Mungu kwa kazi ya mikono yake. Basi mkono wa fundi una heshima mbele za Mungu, na heshima hiyo haikomi siku lango la kazi linapofungwa.

Twasema hayo tukiikumbuka Mwadui. Tangu Dk. Williamson alipogundua almasi mahali pale mwaka 1940, nyumba nyingi za Shinyanga zimeishi kwa jasho la mgodi. Lakini Aprili 2020 soko la almasi lilianguka kwa ajili ya ugonjwa wa korona, uchimbaji ukasimama hadi mwaka 2021. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la matope ukabomoka, kazi ikasimama tena hadi mwaka 2023. Na kule Kahama, mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009, ulimaliza kazi yake mwaka 2021.

Je, fundi aliyetengeneza malori makubwa ya mgodi miaka ishirini aende wapi? Wako wasemao, aanze upya kama mtoto. Sivyo. Anayezijua injini za dizeli na kuchomelea chuma hahitaji kufundishwa kushika spana. Ahitaji kuonyeshwa lililo jipya. Mgodi wa Geita, uliochimbwa kwa mashimo ya wazi tangu mwaka 2000, baadaye ulianza kuchimba pia chini ya ardhi. Huko mna mitambo mingine, hewa ya kusukumwa kwa feni, na hatari ngeni. Ujuzi wa zamani wafaa, ila hautoshi.

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Februari 1942, wakati wa vita, viwanda vya Marekani viliacha kuunda motokaa za raia. Huko Willow Run, Michigan, kampuni ya Ford ilifungua shule kiwandani, watu wakafundishwa kuunda ndege za B-24. Kufikia mwaka 1944 ilitoka ndege moja karibu kila saa. Kwa ajili ya mabomu walimu walipatikana, na fedha zikapatikana. Je, kwa ajili ya mkate wa watoto visipatikane?

Kwa hiyo wenye migodi yawapasa kuwafundisha watu wao kazi nyingine mgodi ungali hai, si siku ya kuagana. VETA huwapima mafundi waliojifunza kazi kwa mikono na kuwapa vyeti. Mlango huo na ufunguliwe wazi kwa watu wa migodini. Nawe fundi, usione haya kukaa benchi moja na vijana wa umri wa mwanao: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nanyi akina mama na watoto, msimcheke baba arudipo jioni na daftari kwapani.

Bwana wetu alimkemea mtumishi aliyeizika talanta yake. Basi na atazame moyoni mwake kila amnyimaye fundi mahali pa kuitumia yake, maana yeye ndiye aliyeshika jembe la kuizika.