Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sisi wa Malili tumejiwa na mgeni mkubwa. Ekari 5,000 za lililokuwa shamba la mifugo zilitengwa kwa ajili ya mji mpya wa Konza, na mwezi wa Januari 2013 Rais Mwai Kibaki aliuzindua ujenzi wake. Basi nakuuliza: mji ukija, ni nani mwenye haki ya kusema kwamba wenyeji wamepona?

Huenda ukajibu kwamba ni mtaalamu, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kupima maji na kuchora mitaro. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Mtazame Profesa Miriam Were, aliyezaliwa mwaka wa 1940 huko Kakamega. Kwanza alikuwa mwalimu wa shule, kisha akajifunza udaktari. Alitambua kwamba maradhi mengi yanayojaza hospitali yangeweza kuzuiwa nyumbani. Kwa hiyo, katika miaka ya 1970, aliwaendea wanavijiji wa Kakamega, akaketi nao, wakashauriana juu ya vyoo, maji safi na chanjo, nao wakaifanya kazi hiyo kuwa yao. Mwaka wa 2008 Japani ilimtunukia Tuzo ya Hideyo Noguchi.

Utasema, "Hayo ni ya kijijini, mjini watu hawajuani." Basi twende Mukuru, mtaa wa Nairobi wenye kaya zaidi ya 100,000. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya kaunti iliutangaza kuwa eneo maalumu la mipango. Wakazi, wapangaji nao wakiwamo, walikaa na wataalamu kujadili maji, maji machafu, njia na afya.

Kwa nini kuwauliza? Kwanza, kwa sababu wanajua. Mtaalamu hupima umbali wa choo kwa hatua. Mama ajua kwamba usiku hatua hizo hazitembeleki, kwa maana hapana taa. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, mtu si mzigo. Ukimhamisha bila kumwuliza, hata ukampeleka kwenye nyumba bora, umeitunza afya ya mwili wake na kuudharau utu wake.

Sikatai kwamba kuuliza kwachelewesha, na kipindupindu hakingoji mkutano. Siku ya mlipuko, daktari na aamuru, nasi tutii. Lakini siku ya hatari isigeuzwe kuwa desturi ya miaka, kiongozi akazoea kuamuru na watu wakazoea kunyamaza.

Wewe usomaye leo huenda kesho ukawa muuguzi, mhandisi au diwani, ukakabidhiwa ramani ya mtaa wa watu maskini. Katika ramani utaona njia na viwanja, wenyeji hutawaona. Basi ikunje kwanza, uende mlangoni mwao, upige hodi, na ungoje kukaribishwa. Ndipo mgeni atakapokuwa amekuja, na mwenyeji atapona.